Injini Haisubiri: Jinsi Programu za Injini Zinavyobuniwa kwa Modeli



Kila fundi aliyemo humu amewahi kuyashika masega. Nazungumzia lile pande la kauri lenye vitundu vidogo vidogo lililomo kwenye ekzosi, ambalo siku hizi wezi wanalipenda kuliko redio ya gari kwa sababu limepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Wengi wetu tunalijua kama kitu cha kukata na kuuza. Leo naomba tulitazame kama chanzo cha mada yetu, maana bila masega hayo injini ya petroli ingeweza kuishi na kabureta kwa miaka mingi zaidi, na haja ya kuweka kompyuta chini ya boneti isingekuwa kubwa kiasi hicho.

Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Hewa Safi na kuwataka watengenezaji wa magari wapunguze kwa asilimia 90 monoksidi ya kaboni na mabaki ya petroli isiyoungua, kuanzia magari ya mwaka 1975. Viwanda vililalamika, tarehe zikasogezwa mbele, lakini kazi ilikuwa imeshaanza. Katika kampuni ya Engelhard, wahandisi Carl Keith na John Mooney walifanikisha masega yanayofanya kazi tatu kwa pamoja: kuchoma monoksidi ya kaboni, kuchoma mabaki ya petroli, na kuvunja oksidi za nitrojeni. Kulikuwa na sharti moja gumu. Kazi hizo tatu zinafanyika vizuri pale tu ambapo hewa na petroli vimeingia kwenye silinda kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Hewa ikizidi kidogo, oksidi za nitrojeni zinapita bila kuguswa. Petroli ikizidi kidogo, zile nyingine mbili zinapita. Na hiyo “kidogo” ni kama asilimia moja hivi.

Kabureta haiwezi kazi hiyo. Hata ile iliyotyuniwa na fundi bingwa Mombasa, ambako mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101, ikifika Nairobi yenye kilopaskali kama 83 itaanza kunuka petroli na kutoa moshi. Kwa hiyo mwaka 1976 Volvo ilianza kuuza California gari lenye sensa ya oksijeni ya Bosch ndani ya ekzosi, na mwaka 1979 Bosch ikatoa Motronic kwenye BMW 732i, boksi moja la kompyuta linalosimamia petroli na moto wa plagi kwa pamoja. Sisi huku tuliyapokea magari hayo yakiwa yametumika, tena kwa muda mrefu tukayajaza petroli yenye risasi, ambayo inayaua masega. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwishoni mwa 2005 tu. Magari mengi yaliyoingia kabla ya hapo yaliishi na masega maiti.

Sasa tuingie kwenye boksi lenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba ukishakuwa na sensa ya oksijeni kazi imekwisha: sensa ikisema petroli imezidi, punguza, ikisema imepungua, ongeza. Ubaya ni kwamba sensa inasema ukweli kwa kuchelewa. Petroli inapuliziwa kwenye njia ya hewa, inasubiri valvu ifunguke, inaingia, inabanwa, inaungua, inatolewa, inasafiri kwenye bomba, ndipo inaifikia sensa. Wakati huo dereva ameshakanyaga mafuta na kuachia. Tena sensa ya kawaida haisemi ni kiasi gani. Volti yake inaruka tu kutoka kama 0.1 petroli ikiwa pungufu hadi kama 0.9 ikizidi, na isipopata joto la nyuzi mia tatu hivi haisemi lolote. Anayeitegemea sensa peke yake anasahihisha kosa la mizunguko kadhaa iliyopita.

Kompyuta basi inalazimika kukisia mbele. Ni lazima ijue kabla ya kupulizia petroli ni hewa kiasi gani itakayoingia kwenye silinda, na hewa hiyo haionekani wala haipimwi moja kwa moja pale inapoingia. Mara nyingi kinachopimwa ni mgandamizo kwenye manifoldi, joto la hewa, na kasi ya injini. Kutoka hapo inatumika ile kanuni ya gesi mliyofundishwa sekondari: mgandamizo mara ujazo, gawanya kwa joto, kisha zidisha kwa namba inayoeleza silinda hii inajaa kiasi gani kwa kasi hii. Hiyo ndiyo modeli. Ni dai linaloandikwa kwa hesabu, na injini inaweza kulikubali au kulikataa.

Nitakaa kidogo kwenye dai moja, kwa sababu linaeleza kazi nzima kuliko maneno yangu. Petroli ikipuliziwa haiingii yote kwenye silinda. Sehemu inaganda kwenye ukuta wa njia ya hewa na mgongo wa valvu, ikawa utando mwembamba unaokauka polepole, kama mafuta yanayobaki kwenye chungu ulichokwisha kukimimina. Mwaka 1981 Aquino, mhandisi wa Ford, aliandika tabia hiyo kwa namba mbili tu: sehemu ya petroli inayoganda ukutani, na muda ambao utando unachukua kukauka.

Tuchukue hesabu ya ubaoni, si ya injini fulani. Tuseme asilimia 30 inaganda. Injini imetulia na inahitaji miligramu 10 kwa kila mpigo. Tunapulizia 10, saba zinaingia moja kwa moja, tatu zinaganda, na tatu za zamani zinakauka kutoka ukutani na kuingia. Kumi kwa kumi, mambo shwari. Sasa dereva anakanyaga mafuta na hewa inaongezeka maradufu. Kompyuta isiyojua habari za utando itapulizia 20. Zinazoingia moja kwa moja ni 14, na ukuta bado unatoa tatu za zamani. Silinda inapata 17 badala ya 20, na uwiano unaruka kutoka 14.7 hadi 17.3. Gari linajikwaa, dereva anasema “inamisi”, fundi anabadilisha plagi ambazo hazina kosa. Kompyuta inayoujua utando itapulizia miligramu 24.3 kwenye mpigo ule wa kwanza, kisha itashuka taratibu kadiri ukuta unavyolowa. Dereva akiachia, itafanya kinyume. Injini ikiwa baridi namba zote mbili zinabadilika, na hapo ndipo penye kazi.

Swali la mhadhara huu ni hili: mhandisi aliyegundua jambo kama hilo anawezaje kulijaribu kwenye injini inayozunguka?

Miaka ya 1980 alikuwa anaandika waraka. Waraka ulikwenda kwa mwandishi wa programu, mara nyingi kwenye jengo jingine, ambaye aliutafsiri kwa lugha ya chipu yenyewe, amri moja baada ya nyingine. Aliujua uwezo wa chipu vizuri, lakini valvu hakuwahi kuigusa. Penye utata kwenye waraka alijaza kwa busara yake. Kisha programu ilichomwa kwenye memori, boksi likapelekwa kwenye benchi la injini, na mhandisi wa kwanza akaona matokeo wakati akili yake imeshahamia kwenye tatizo lingine. Matokeo yakiwa mabaya, hakuna aliyeweza kusema kama wazo ndilo bovu au tafsiri yake.

Namna ya kuukwepa mzunguko huo ilikuja kwa njia mbili zilizokutana. Ya kwanza ni michoro. Kampuni ya MathWorks, iliyoanzishwa 1984 kuuza MATLAB, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitoa Simulink, ambamo modeli inachorwa kwa visanduku na mishale, kisha mchoro wenyewe unaendeshwa kwenye kompyuta. Kwa mambo yanayoendeshwa na hali (injini inawaka, inakaa sailensi bila mafuta kukanyagwa, inateremka mlima petroli ikiwa imekatwa) ilitumika michoro ya hali aliyoieleza David Harel mwaka 1987, ambayo aliibuni akifanya kazi na wahandisi wa ndege huko Israeli. Ya pili ni maboksi. Mwaka 1988 huko Paderborn, Ujerumani, Herbert Hanselmann alianzisha dSPACE, kampuni iliyochukua chipu zenye kasi kubwa ya hesabu na kuziwekea njia za kuunganishwa na mashine halisi. Mashine ikaugeuza mchoro kuwa msimbo, msimbo ukapakiwa kwenye boksi, boksi likaunganishwa na injini. Mwaka 1999 walitoa MicroAutoBox, boksi dogo la kukaa ndani ya gari na kuendeshwa barabarani.

Mara nyingi boksi hilo halichukui injini nzima, na kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na werevu mkubwa zaidi. Kompyuta ya gari ya kawaida inaachwa iendelee na kazi zake zote: plagi, pampu, feni, usalama. Hesabu moja tu inakatwa. Kompyuta ikifika pale inapotaka kujua kiasi cha petroli, inatuma vipimo kwenye boksi la pembeni, boksi linakokotoa kwa modeli mpya ya utando, linarudisha jibu, na kompyuta inaendelea. Jibu likichelewa, kompyuta inatumia hesabu yake ya zamani. Mhandisi anakaa kiti cha abiria na kompyuta ya mapajani, anabadilisha ile asilimia 30 kuwa 25 wakati gari linatembea, na anaiona sensa ya oksijeni ikijibu. Asubuhi alikuwa na wazo. Jioni injini imeshamwambia kama ni upuuzi.

Wauzaji wa zana hizi hupenda kuhubiri juu ya mashine inayoandika msimbo. Mimi naona hilo ni jambo la pili. Kubwa zaidi ni kwamba anayeijua injini na anayeijua chipu sasa wanatazama mchoro mmoja, na wakigombana wanagombana juu ya kisanduku kilekile.

Lakini haraka hiyo ina gharama iliyojificha, na wanafunzi wengi wanaijua wakiwa wamechelewa. Boksi la majaribio lina nguvu kuliko chipu itakayouzwa ndani ya gari.

Anza na muda. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nyuzi moja ya krenki inapita kwa mikrosekunde 27.8. Gurudumu la kawaida la krenki lina nafasi za meno 60, mawili yakiwa yameondolewa ili kompyuta ijue mwanzo uko wapi. Kila jino linapita kwa mikrosekunde 167. Injini ya silinda nne inataka moto kila milisekunde tano. Chipu ya Motorola 68332, iliyoingia kwenye kazi za magari kuanzia miaka ya 1990, ilikuwa na saa ya megahezi 16.78, yaani midundo isiyofika 470 kwa kila nyuzi, na memori ya ndani ya kilobaiti mbili. Ndiyo maana ilipewa kitengo cha pembeni chenye njia 16 za kuhesabu muda, ili moto wa plagi usisubiri hesabu ya petroli imalizike. Modeli yako inaweza kupendeza kwenye boksi na bado isipate nafasi kwenye chipu kama hiyo.

Kisha namba. Boksi linakokotoa kwa namba zenye desimali bila wasiwasi. Chipu nyingi za bei nafuu zina namba kamili tu, na mwandishi anapaswa kuamua mwenyewe desimali ikae wapi. Tuseme mgandamizo wa kilopaskali 100 umehifadhiwa kama 10,000, na ile namba ya silinda kujaa, 0.85, imehifadhiwa kama 850. Zidisha: 8,500,000. Gawanya kwa elfu, unapata 8,500, yaani kilopaskali 85. Sawa kabisa. Lakini kama zao hilo limewekwa kwenye chumba cha biti 16, ambacho mwisho wake ni 65,535, kinachobaki humo ni 45,856. Gawanya kwa elfu, unapata 45. Kompyuta inaamini kwamba silinda ina kilopaskali 0.45, haipulizii kitu, na injini inazima. Mchoro ni ule ule, hesabu ni ile ile, na kwenye boksi gari lilikimbia vizuri wiki nzima.

Dawa yake inachosha, ila haina mbadala. Modeli inaendeshwa kwanza kama mchoro. Kisha msimbo uliotokana nao unaendeshwa kwenye kompyuta ya mezani. Kisha msimbo huohuo unaendeshwa kwenye chipu halisi iliyolala mezani bila injini. Mara zote tatu inalishwa vipimo vilevile, na majibu yanalinganishwa mstari kwa mstari. Yakitofautiana kuliko kiasi mlichokubaliana, mnasimama. Kuna pia benchi ambalo kompyuta ya gari inadanganywa: boksi linajifanya injini, linatuma meno ya krenki ya uongo, na kompyuta inapulizia petroli isiyokuwapo. Humo unaweza kuharibu sensa mara elfu bila kuvunja pistoni.

Mbele ya uzuri wote huu nataka niweke tahadhari juu ya modeli zenyewe. Mwaka 1991 Crossley na Cook walichapisha modeli ya injini ambayo baadaye ikawa mfano unaotolewa pamoja na Simulink. Wanafunzi wengi duniani wameanzia hapo. Mlingano wake wa hewa inayopita kwenye kilango kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta, kwa gramu kwa sekunde, unaanza na namba 2.821, ukifuatiwa na vipande vya pembe ya kilango, pembe kwa kipeo cha pili na pembe kwa kipeo cha tatu. Weka pembe sifuri: kilango kimefungwa kabisa, na mlingano bado unapitisha hadi gramu 2.821 kila sekunde. Mlingano wao wa nguvu ya kuzungusha unaanza na −181.3. Namba hizi hazikutoka kwenye sheria ya asili. Zimetoka kwenye vipimo vya injini moja kwenye benchi, kisha mstari ukapitishwa katikati ya nukta. Ndani ya nukta zile modeli ni nzuri ajabu. Nje yake ni chaki ubaoni. Nimeona kazi za wanafunzi zilizochukua namba hizo kama zilivyo na kuzivika injini ya gari lingine kabisa, grafu zikatoka laini, na hakuna aliyeuliza injini ya kwanza ilikuwa na ukubwa gani.

Huko viwandani namba hizo zinajazwa na watu wanaopeleka magari kwenye baridi kali, kwenye majangwa na milimani, wakibadilisha majedwali hadi gari liwake kila mahali. Gari lililotoka Japani na kupanda kutoka Mombasa hadi Limuru bila kujikwaa limebeba kazi yao.

Sasa nizungumze na ninyi mnaotaka kuanza. Hamhitaji boksi la Paderborn, ambalo bei yake ingenunua gari. Kuna Speeduino, mradi wa wazi unaoendesha injini kwa bodi ya Arduino Mega: megahezi 16, biti 8, memori ya kilobaiti 8. Kuna rusEFI, ulio wazi vilevile, unaotumia chipu kubwa zaidi zinazokokotoa desimali zenyewe. Kwa kuchora modeli kuna Scilab na Xcos yake, bila malipo. Mimi ningewaambia muanze na bodi dhaifu, kwa sababu itawalazimisha kufikiri juu ya desimali ikae wapi.

Chukueni injini ya silinda moja, kama ya pampu ya maji, na tatizo la sailensi tu: injini ikae kwenye kasi moja hata ikiongezewa mzigo kidogo. Pimeni wiki mbili kabla ya kuchora chochote. Halafu choreni, igizeni, pakieni kwenye bodi, na kwa siku za mwanzo bodi isiguse kitu. Ikae pembeni isome sensa na kutabiri kasi ya mzunguko ujao, injini ikiendelea na kabureta yake. Choreni utabiri na kasi halisi kwenye karatasi moja. Siku mtakapoiruhusu kushika petroli, swichi ya kuzimia iwe na waya wake wenyewe, mbali na programu yenu, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuishika tu.

Na mistari miwili ile ikiachana ghafla, msikimbilie kubadilisha modeli. Angalieni kwanza waya wa sensa ya krenki kama haukupitishwa karibu na waya wa plagi.